Kula nje Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa nimekusanya yale ambayo watu huniuliza sana kuhusu kula na kunywa Dar. Wengine ndo wanahamia kikazi, wengine wanafunzi, wengine wamezaliwa hapa hapa ila kila wikiendi wanazunguka sehemu zile zile tatu. Bei nazozitaja ni za kukadiria, zinapanda na kushuka, uliza kabla ya kukaa.

Nianzie wapi kama ndo kwanza nafika Dar?

Anza na saa, sio na jina la mgahawa. Watu wengi wanauliza "wapi pazuri?" wakati Dar swali linalokupa chakula kizuri ni "saa hizi nini ndo kinatoka jikoni?". Supu ni ya asubuhi, wali wa mama lishe ni wa mchana, pweza na mishkaki vinaanza jua likizama, chipsi mayai ni za usiku. Sehemu ile ile inayosifiwa na kila mtu ukiifikia saa ambayo sio yake unakuta wali umekauka pembeni ya sufuria na kuku alokaangwa tangu asubuhi, alafu unaondoka unasema watu wanapenda kusifia vitu vya kawaida, kumbe chakula kilikua kizuri masaa matatu kabla hujafika. Na siku nazo zina vyakula vyake, Ijumaa sio sawa na Jumatatu, mwisho wa mwezi sio sawa na tarehe ishirini. Ukilishika hilo utakula vizuri hata mtaa usioujua kabisa.

Asubuhi watu wanakula nini nje?

Supu na chapati, hapo hamna mjadala. Kuna ya nyama ya ng'ombe, ya utumbo, ya makongoro, ya mbuzi, ya kuku wa kienyeji ambayo bei yake inachangamka kidogo. Sufuria linakua limekesha au limewekwa jikoni alfajiri, kwahiyo saa moja mpaka saa tatu ndo wakati wake, ikishafika saa tano kinachobaki ni mchuzi ulioongezwa maji. Mezani utakuta ndimu, pilipili na chumvi. Onja kwanza kabla hujamwaga chumvi maana wapishi wa supu wengi hawana mkono mwepesi. Ukitaka kitu kizito zaidi ulizia mtori, ule wa ndizi zilizopondwa na nyama kutoka kwa Wachaga, sehemu nyingi zenye wapishi wa Kilimanjaro wanao asubuhi.

Kama hutaki nyama mapema, kuna vitumbua, maandazi, chapati na maharage, mihogo ya kuchemsha, chai ya rangi yenye tangawizi. Na kahawa chungu ya birika la shaba na kashata, hiyo unaikuta Kariakoo, Ilala, Magomeni, sehemu ambazo wazee wanakaa kubishana mpira na siasa. Kaa hapo hata kama huna cha kuongea, vikombe ni vidogo na bei ni ndogo, utajifunza mji kuliko kwa kuzunguka na gari.

Mama lishe mzuri nitamjuaje? Na ni salama kweli?

Hili ndo swali naloulizwa kuliko yote, na mimi nawapenda sana hawa akina mama, kwahiyo nitajibu kwa urefu.

Fika kati ya saa sita na nusu na saa nane mchana. Angalia nani anakula pale. Ukiona mafundi wa gereji, madereva wa bodaboda na watu wa ofisini wenye vitambulisho shingoni wamekaa benchi moja, basi hapo chakula kinaisha kila siku, na chakula kinachoisha kila siku hakina nafasi ya kulala. Mama lishe mwenye watu wachache saa saba mchana ni wa kumpita, hata kama ana meza nzuri na vitambaa.

Kisha angalia maji. Maji ya kunawa yanatakiwa yatoke kwenye ndoo yenye koki au kwenye jagi, yatiririke, sio beseni moja watu wote wanatumbukiza mikono. Sahani zinaoshwa wapi, kuna maji ya kusuuzia au ni lile beseni moja tu la mapovu ya kijivu? Mboga zimefunikwa? Hayo matatu yanatosha, ukiyaona yako sawa kaa ule kwa amani.

Alafu kuna kitu kimoja nataka ukitazame ukipata nafasi: wali ukiwa unapaliwa. Mama anapunguza moto chini, anafunika sufuria kwa sinia au mfuniko wa bati, anachota makaa na kuyapanga juu ya mfuniko, ule wali unaiva kwa moto wa juu na wa chini. Wakati wa kupakua anayakung'uta makaa pembeni, anafunua, na harufu ya nazi na ukoko inakufikia hata ukiwa upande wa pili wa barabara. Anapakua kwa sahani ile ya bati au ya melamini, wali katikati, maharage upande mmoja, vipande vya nyama na mchuzi, mchicha au matembele, na mara nyingi kipande cha tikiti au ndizi mbivu pembeni. Sahani kama hiyo mara nyingi ni kuanzia elfu mbili mpaka elfu nne kutegemea mtaa na kitoweo, samaki inaongeza kidogo. Ukitaka mchuzi zaidi sema tu "mama naomba niongezee mchuzi", hutolipishwa. Nyama ndo utalipishwa.

Maji ya kunywa nunua ya chupa. Juisi ya ndoo, uliza imetengenezwa na maji gani, asipojibu haraka achana nayo.

Mama lishe wote wanapika vitu vile vile?

Hapana. Wali maharage na ugali dagaa ndo kila mahali, ila kila mama ana mboga yake. Kuna anayejulikana kwa kisamvu cha nazi, kuna wa ugali na mlenda, kuna wa ndizi nyama, kuna wa makande siku ya Alhamisi tu. Muulize mwenyewe "mama leo umepika nini kizuri?" na umsikilize, usije na oda yako kichwani. Hao wanajua kipi kimetoka vizuri siku hiyo na mteja mpya wanamtaka arudi.

Ijumaa kuna nini cha pekee?

Pilau na biriani. Baada ya swala ya Ijumaa mji mzima unanukia bizari na karafuu, Kariakoo, Kisutu, Upanga, Magomeni, mpaka hoteli ndogo ambazo siku zingine zinapika wali mweupe zinakua na pilau. Ukitaka biriani fika mapema maana saa nane wengine wameshaosha masufuria. Biriani nzuri utaijua kwa rosti yake, vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikalainika kabisa na nyama inayoachia mfupa bila kuvutwa. Ukiona wali umepakwa rangi tu na mchuzi mwepesi umemwagiwa juu, hiyo sio.

Jumatatu mimi huwa naenda taratibu kidogo, sehemu nyingi zinapasha vya Jumapili. Sio zote, ila uliza.

Samaki wabichi kabisa nawapata wapi?

Feri, lile soko la samaki Magogoni karibu na kivuko cha Kigamboni. Kufika ni rahisi, mabasi ya mwendokasi yaliyoanza 2016 yanakushusha Kivukoni na unatembea dakika chache tu. Asubuhi ndo mnada, samaki wanashushwa kwenye boti na kuuzwa kwa kelele, mchana hali inapoa. Unaweza kununua samaki wako mwenyewe, ukampa kijana wa kupaa samaki aondoe magamba na matumbo, alafu ukampelekea mkaangaji upande ule wa masufuria makubwa ya mafuta, anakukaangia unakula na chapati au ugali kachumbari pilipili ukiwa umesimama au kwenye benchi. Hayo ni malipo matatu tofauti kwa watu watatu tofauti, kubaliana bei na kila mmoja kabla kisu hakijagusa samaki.

Kumchagua: macho yawe angavu na yametuna, ukifunua shavu ndani kuwe kwekundu, ukibonyeza mgongo nyama irudi. Ukimkuta macho yamezama na meupe, shavu limekua la kahawia, muache.

Jambo moja watu wengi hawalifikirii. Sato na sangara ni wa Ziwa Victoria, wanafika Dar kwenye barafu baada ya safari ndefu. Sio wabaya, sato wa kukaanga na ugali naula sana, ila kama lengo lako ni kula kilichotoka majini leo basi ulizia changu, tasi, kibua, kolekole, jodari, nguru, au ngisi na kamba. Na dagaa wa baharini wanavuliwa usiku kwa taa, kwahiyo mwezi ukiwa mpevu wanapungua sokoni na bei inapanda. Kipindi cha upepo wa kusi nacho bahari inachafuka, boti ndogo haziendi mbali, usishangae meza zikiwa na nafasi nyingi na bei imechangamka.

Vaa viatu vya kufunika, chini kuna maji. Simu weka mfuko wa mbele.

Pweza wa barabarani je?

Jioni, kuanzia saa kumi na mbili hivi. Utamuona jamaa kasimama na meza ndogo, taa, pweza mzima mwekundu kajikunja kwenye sinia na sufuria la supu inafuka. Unamuonyesha mkono unaoutaka, anaukata vipande vyembamba kwa haraka juu ya kibao, anakupa na kijiti, unachovya kwenye chachandu ya ndimu na pilipili. Supu inakuja kwenye kikombe. Watu wanakula wamesimama, hamna kukaa, unahesabiwa kwa vipande au kwa mkono uliokatiwa. Pweza mzuri hatafunwi kama raba, ukimng'ata analegea. Jaribu kipande kimoja kwanza, kama ni mgumu lipa ondoka, kuna mwingine mita mia mbele.

Usiku mjini kati kuna nini cha kula?

Mjini mchana ni ofisi na maduka, usiku ni majiko. Maeneo ya Kisutu, Mtaa wa Libya, Morogoro Road na Mtaa wa Jamhuri yamejaa kuku wa kuchoma, mishkaki, naan na kababu, na upishi una mkono wa Wahindi wa Dar ambao wako hapa vizazi na vizazi. Mamboz pale kona ya Morogoro Road na Libya ndo inayotajwa na kila mtu, meza zinapangwa nje giza likiingia, kuku wa sekela na wa ndimu ndo watu wanafuata. KT Shop ya Kisutu kwa chai na vitafunwa vya chumvi, sambusa, kababu. Zanzibar mix, yaani urojo, nayo inapatikana maeneo ya Upanga na Kisutu, bakuli la mchuzi wa njano mchachu wenye bajia, viazi, kachori, mishkaki na chachandu ya nazi.

Ukienda hizi sehemu nenda na watu wanne watano, agizeni vitu tofauti wekeni katikati. Kuku mmoja mmoja kila mtu na sahani yake utakua umekula ladha moja tu usiku mzima.

Chipsi mayai inaagizwaje ili isiwe mafuta matupu?

Zege, yaani chipsi mayai, ya saa moja jioni na zege ya saa sita usiku ni vitu viwili tofauti kabisa kwasababu ya mafuta. Angalia rangi ya mafuta kwenye karai, yakiwa meusi mpite. Kisha mwambie chipsi ziwe mpya, sio zile zilizorundikwa kwenye kabati la kioo tangu saa kumi, na umwambie "kausha vizuri". Ongeza mshikaki mmoja au miwili ndani, kachumbari nyingi juu, pilipili ya kusaga pembeni. Tomato sosi za kwenye chupa zisizo na lebo mimi siweki, nyingi ni rangi na wanga tu. Ulizia bei ya mayai mawili kabla maana wengine wanahesabu yai la pili kwa bei yao wenyewe.

Baa za mtaani zinaendaje? Sijawahi kukaa kwenye baa Tanzania.

Kwanza jua kuna baa na kuna grosari. Grosari ni kijiwe kidogo cha vinywaji, viti vichache, watu wanajuana. Baa ni kubwa, ina jiko, ina mpira kwenye luninga, wikiendi ina mziki. Sinza, Kinondoni, Mwananyamala, Tabata, Mbezi, Kimara, kila mtaa una zake na kila mtu anaamini ya kwao ndo inachoma vizuri.

Ukikaa, mhudumu atakuuliza "ya moto au ya baridi?". Ya moto ni ile ambayo haijakaa kwenye friji, na wapo watu wazima wengi wanaoipenda hivo, kwahiyo jibu unavyotaka usichekwe wala usicheke. Bia inafunguliwa mbele yako. Ikija imefunguliwa tayari, rudisha, kwa upole tu lakini rudisha. Chupa tupu zibaki mezani mpaka mwisho wa bili, hizo ndo kumbukumbu yenu. Konyagi ni kali, asilimia 35, usiinywe kwa kasi ya bia. Na zile pombe za vipakti vya plastiki, viroba, zilipigwa marufuku Machi 2017, mtu akikuletea leo kwa siri ujue hujui unakunywa nini.

Kitu kinachowachanganya wageni wengi ni bili mbili. Baa nyingi mwenye kaunta sio mwenye jiko. Jiko limekodishwa kwa mtu mwingine, anachoma nyama kwa biashara yake, na wakati mwingine hata wa chipsi ni wa tatu. Kwahiyo hela ya nyama unampa wa nyama na ya bia unampa wa bia, sio kwamba unaibiwa. Uliza mwanzoni "jikoni nalipa kwa nani?" na mambo yanakua marahisi.

Nyama choma naagizaje?

Inuka nenda jikoni mwenyewe. Usiagize ukiwa umekaa. Nyama inakua imening'inizwa au iko kwenye friji, chagua kipande, ipimwe mbele yako kwa kilo au nusu, kisha ukubaliane bei pamoja na kuchomwa na ndizi. Ubavu wa mbuzi una mafuta yanayoipa nyama ladha ikiwa jikoni, paja lina nyama nyingi ila linakauka haraka, mimi nachukua ubavu. Mwambie isichomwe haraka. Ikiiva inakuja kwenye sinia au kibao, imekatwa, na chumvi pembeni, kachumbari na pilipili. Mhudumu atakuja na jagi la maji ya vuguvugu na beseni akunawishe, nyoosha mikono sema asante.

Kuku wa kienyeji wa kuagiza, awe wa rosti, makange au mchemsho, ni saa nzima kama sio zaidi, maana mara nyingi anaandaliwa ukishaagiza. Kwahiyo unaagiza kuku kwanza alafu ndo unaagiza kinywaji, sio kinyume. Njaa ikikubana chukua supu au mshikaki mmoja wakati unasubiri.

Kitimoto ni nyama ya nguruwe, ina sehemu zake na majiko yake, ya kukaanga na ndizi na kachumbari ndo inapendwa sana. Kama meza yenu ina Waislamu au Wasabato usipendekeze huko bila kuuliza. Baa ya kawaida yenye mbuzi na kuku inawatosha wote.

Mimi ni mwanamke, naweza kukaa baa peke yangu?

Unaweza, na wapo wengi wanaokaa. Chagua baa yenye familia na meza za nje, Jumapili mchana kuanzia saa nane hivi ni wakati mzuri. Kaa karibu na kaunta, mjue mhudumu kwa jina, mwambie ukweli kwamba hutaki vinywaji vya kutumiwa na meza zingine. Dada wa kaunta wengi wanalinda wateja wao wa kike kuliko unavyodhani. Glasi yako usiiache mezani ukienda chooni, hiyo ni kwa wanaume pia.

Sinywi pombe, kuna sehemu za kukaa jioni?

Nyingi sana. Coco Beach pale Oysterbay, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na kachumbari, mishkaki, madafu, upepo wa bure. Jumapili panajaa vibaya, ukitaka utulivu nenda katikati ya wiki. Majiko mengi ya Kisutu niliyoyataja juu hayana pombe. Na kafe zipo Masaki, Mikocheni, mjini, unakaa na kompyuta yako. Kwenye kafe ulizia kahawa ya hapa hapa, arabika ya Kilimanjaro au Mbinga, robusta ya Kagera, sio ya kuchanganya na maji ya moto kutoka kwenye kopo wakati nchi inalima kahawa nzuri namna hii.

Migahawa ya Masaki na Msasani inastahili bei zake?

Kwa baadhi ya vitu ndiyo. Nenda huko kwa kile ambacho mtaani hukipati. Addis in Dar kwa injera na michuzi ya Kihabeshi, mnakula sinia moja kwa mikono, na kwa watu wasiokula nyama ni moja ya sehemu bora mjini kwasababu Waethiopia wana michuzi mingi ya dengu na mboga. Slipway kwa machweo, na hapa nieleze kwanini: pwani ya Dar inatazama mashariki, jua linatoka baharini na kuzama nchi kavu, kwahiyo Coco Beach huwezi kuliona likizama kwenye maji. Slipway iko upande wa magharibi wa rasi ya Msasani, inatazama ghuba, ndo maana watu wanaenda pale jioni. Jua linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na karibu saa moja kutegemea mwezi, fika nusu saa kabla upate meza ya mbele.

Ila ugali samaki wa Masaki kwa bei mara tano ya Magomeni, hapana, hilo siwezi kukushauri. Bia nayo inaweza kuwa mara mbili ya mtaani au zaidi. Soma menyu vizuri kama bei imejumlisha kodi ya VAT, ni asilimia 18 na kwenye meza ya watu sita inauma.

Nina aleji ya karanga au sili nyama, niwe makini na nini?

Karanga ni hatari kwasababu hazionekani. Mchicha, kisamvu, matembele, wapishi wengi wanaweka karanga za kusaga na zikishaiva huwezi kuzijua kwa macho. Sema "karanga zinanidhuru, nikila naumwa", usiseme tu hupendi, maana mtu akisikia hupendi atakuambia zimewekwa kidogo tu.

Kwa wasiokula nyama, wali maharage upo kila kona lakini uliza kama maharage hayajapikwa na supu ya nyama, na samaki na dagaa kwa wengine sio "nyama" kwahiyo vitaje kwa majina yao. Migahawa ya Kihindi ya mboga tupu ipo Kisutu na Upanga. Halali kwa Dar sio shida, vyakula vingi vya mtaani ni halali, ukiwa na wasiwasi uliza tu, hamna anayechukia.

Ramadhani naweza kula nje mchana?

Dar ndiyo, migahawa mingi iko wazi japo mama lishe wengine wanafunga au wanaweka pazia. Kula ndani kwa staha, usitembee barabarani unatafuna. Zanzibar ni tofauti, kula hadharani mchana wa Ramadhani kunaweza kukupeleka polisi, kwahiyo kama unavuka na boti panga mapema. Na Forodhani, lile soko la chakula la Zanzibar, uende jioni.

Lakini mtu asiyefunga asiikimbie Ramadhani. Kuanzia saa kumi jioni Kariakoo, Magomeni, Temeke, barabara zinapangwa futari: magimbi na mihogo ya nazi, tambi za sukari, kaimati, uji wa pilipili manga, tende, sambusa. Nunua ukale nyumbani au, ikitokea umekaribishwa futari kwa mtu, usikatae.

Kulipa: pesa taslimu au simu? Na tipu?

Simu inakubalika karibu kote, kila mama lishe ana lipa namba yake imebandikwa ukutani au kwenye mwavuli. Soma jina linalotokea kabla hujathibitisha. Beba na hela ndogo ndogo, noti ya elfu kumi saa moja asubuhi kwa muuza supu ni usumbufu kwa wote wawili. Kadi ni migahawa mikubwa tu.

Mgahawa wenye mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, dai risiti, ni haki yako, na ukikuta bili imeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ichambue mstari kwa mstari hapo hapo mezani bila ugomvi. Tipu sio lazima. Migahawa mikubwa watu wanaacha asilimia tano mpaka kumi, baa za mtaani unamuachia mhudumu chenji au unampa elfu moja, elfu mbili mkononi mwake. Mpe yeye mwenyewe, sio kaunta.

Nimwite vipi mhudumu?

Dada, kaka, mama kwa aliyekuzidi umri. Msalimie kwanza. Usipige miluzi wala kugonga chupa na kijiko, utahudumiwa wa mwisho na utakua umestahili. "Samahani dada, naomba menyu" inatosha.

Chakula kikibaki naweza kuondoka nacho?

Sema "naomba nifungie". Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 kwahiyo utafungiwa kwenye foili au boksi, na mfuko mbadala mara nyingi unalipia. Wengi tunatembea na mfuko wetu wa kitambaa, na ukienda kuchukua supu au mchuzi beba kopo lenye mfuniko, utapewa na nyongeza.

Usiku narudije?

Mwendokasi na daladala zinapungua usiku ukiwa mkubwa, usizitegemee baada ya saa nne. Ita gari au bajaji kwa programu ya simu, ukishindwa muombe mhudumu akuitie bajaji anayemfahamu pale kijiweni, na mkubaliane bei kabla hujapanda. Kama mmeenda Kigamboni ufukweni kumbukeni pantoni ina foleni ndefu Jumapili jioni, mwenye gari azungukie Daraja la Nyerere, lile lililofunguliwa 2016, kuna tozo pale kwahiyo weka hela karibu.